Kwenda Namugongo kwa Miguu: Majibu kwa Wasomaji wa Dodoma na Kanda ya Kati

Tangu Kwaresima ianze nimepokea barua nyingi kutoka kwa wasomaji wanaotaka kuhiji kwa miguu, na wengi wao wanakusudia kufika Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni. Nimeitembea njia hiyo nikiwa muuguzi wa kikundi, na kwa hiyo yale nitakayoyasema juu ya miguu, maji na barabara nimeyaona kwa macho yangu. Nimechagua barua sita ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi ni wanajumuiya 14 wa Kizota, Dodoma. Mkubwa wetu ana miaka 63 na mdogo ana miaka 19. Mwakani tunataka kwenda Namugongo kwa miguu. Baadhi yetu wanasema hija ya kweli ni ile inayoanzia mlangoni pa kanisa letu, wengine wanasema haiwezekani. Tutatumia siku ngapi, tuanze lini, na tujiandae vipi? — Katibu wa jumuiya, Kizota

Milele amina, ndugu Katibu. Inawezekana, ila nitawashauri msiifanye yote kwa miguu, na naomba mnisikilize hadi mwisho kabla ya kunipinga.

Kutoka Dodoma kupitia Manyoni, Singida, Nzega, Kahama, Biharamulo na Bukoba hadi mpakani Mutukula, kisha Masaka na Kampala, ni zaidi ya kilomita 1,000. Kikundi chenye mtu wa miaka 63 kinaweza kutembea wastani wa kilomita 22 hadi 25 kwa siku bila kuumizana, na kila siku ya saba lazima iwe ya kupumzika. Pigeni hesabu wenyewe: ni takriban miezi miwili barabarani. Mkulima atakuwa ameacha shamba wakati wa kuvuna, na mwajiriwa hatapata likizo ya urefu huo. Kubwa zaidi ni kwamba sehemu ndefu ya safari hiyo itakuwa kwenye barabara kuu inayopitisha malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo usiku na mchana. Katika miaka yote niliyotembea sijawahi kuona hujaji akiuawa na uchovu, lakini nimeshika mkono wa hujaji aliyegongwa na gari, na sitaki katibu yeyote wa jumuiya aje kubeba habari ya namna hiyo nyumbani kwa watu.

Pendekezo langu ni mtembee vipande viwili. Kipande cha kwanza ni kutoka mlangoni pa kanisa lenu hadi Manyoni kupitia Bahi na Kintinku, takriban kilomita 125, kwa siku sita. Wale wanaotaka kuanzia nyumbani watakuwa wameanzia nyumbani, na siku hizo sita zitawaonyesha nani miongoni mwenu ana goti bovu, nani amebeba mzigo mkubwa, na nani hukasirika akiwa na njaa. Baada ya Kintinku mtapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Upandeni asubuhi na mapema, kwa sababu jua la saa sita likiwakuta katikati ya mlima huo mtaijutia siku hiyo. Kutoka Manyoni pandeni basi hadi Bukoba, na msione aibu, kwa kuwa mtakuwa mmejiepusha na mteremko wa Sekenke, nyika ya Wembere na msitu wa Biharamulo, mahali ambapo vijiji viko mbalimbali na kikundi cha watu wanaotembea hakina pa kukimbilia likitokea la kutokea. Kipande cha pili ni kutoka Mutukula hadi Namugongo. Mutukula hadi Masaka ni karibu kilomita 90, na Masaka hadi Kampala ni karibu kilomita 130. Ongezeni na masafa ya kutoka Kampala hadi Namugongo penyewe, nje kidogo ya jiji upande wa kaskazini mashariki. Wekeni siku 11 za kutembea na siku mbili za kupumzika, na mpumziko mmoja uwe Masaka.

Kwa mpango huo mtaondoka Dodoma kati ya tarehe 8 na 10 Mei na kufika Namugongo tarehe 31 Mei au 1 Juni. Msipange kufika tarehe 2 jioni. Umati wa sikukuu huwa mkubwa mno, na mwenye kuchelewa hulala penye tope au hakosi kulala amekaa.

Kuhusu saa za kutembea, kuna mvutano ambao kila kikundi hukutana nao: mkikwepa jua mnaingia gizani, na mkikwepa giza mnaingia juani. Vikundi vingi huamka saa tisa usiku na kuanza kutembea kwa tochi. Mimi napinga jambo hilo bila kumung'unya maneno, kwa sababu dereva wa lori aliyeendesha usiku kucha ni mtu mwenye usingizi, na saa ileile mnayoondoka ninyi ndiyo saa macho yake yanapofumba. Ondokeni kunapopambazuka, mnapoweza kumtambua mtu aliye hatua hamsini mbele yenu bila tochi. Tembeeni hadi saa nne na nusu, pumzikeni kivulini hadi saa tisa, kisha malizeni masaa mawili ya alasiri na muwe mmefika kabla jua halijazama. Wapagazi wa misafara ya zamani waliopita nchi hii ya Ugogo walikuwa na neno lao, terekeza, yaani mwendo wa alasiri baada ya kupika, kula na kunywa vya kutosha, na waliutumia hasa katika Marenga Mkali, ile nyika isiyo na maji kati ya Mpwapwa na Ugogo. Wao walilazimika kuendelea hadi gizani kwa sababu ya kiu. Ninyi hamlazimiki, lakini busara ya kuligawa jua kwa kupumzika katikati ya mchana chukueni.

Barabarani tembeeni upande wa kulia, mkiyatazama magari yanayowajia. Tanzania na Uganda magari hupita kushoto, kwa hiyo kanuni hii haibadiliki mkivuka mpaka. Tembeeni kwa mstari mmoja, si wawili wawili mkipiga soga, na wa kwanza na wa mwisho wavae fulana za kuakisi mwanga kama zile za mafundi wa barabara. Mwenye mwendo wa polepole kuliko wote awekwe mbele. Akiwekwa nyuma mtaachana kilomita mbili kabla ya saa mbili asubuhi, naye atakuwa anakimbia badala ya kutembea, na kesho yake hatainuka. Simu isikilizwe wakati wa mapumziko tu, maana masikio yanahitajika barabarani. Kati ya Masaka na Kampala mtapita Lwera, tambarare ya kinamasi ambapo barabara imeinuka kama tuta, kivuli hakuna na pembeni hakuna nafasi ya kutosha. Sehemu hiyo ipitwe asubuhi, maji yakiwa yamejazwa kabla, na bila kusimama ovyo.

Maji: nusu lita kwa kila saa ya kutembea, zaidi kidogo jua likiwa kali, na yanywewe funda funda badala ya kungojea kiu. Anayetokwa na jasho siku nzima na kunywa maji matupu kwa wingi huanza kuumwa kichwa, kichefuchefu na kulegea, kwa sababu chumvi ya mwili imepungua. Bebeni pakiti za dawa ya chumvi na sukari za dukani, au mchanganye wenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ukitaka kujua kama umekunywa vya kutosha, tazama mkojo wako. Ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa.

Lipo jambo ambalo watu wa Dodoma hulisahau. Sisi tunaishi katika mkoa ambao malaria ni chache sana ukilinganisha na Kagera na Uganda, na miili yetu haina mazoea nayo. Kila mmoja awe na chandarua chake chepesi, na aende zahanati wiki mbili kabla ya safari kuuliza dawa ya kinga inayomfaa. Homa yoyote inayompata mtu kuanzia Bukoba na kuendelea, hata wiki tatu baada ya kurudi, ipimwe siku hiyohiyo. Vilevile mwezi Mei, ambapo kwetu vumbi limeshaanza, Kagera na Buganda mvua bado zinanyesha. Wengi wetu tumetoka Dodoma na makoti mepesi ya jua, tukafika Mutukula tukiwa tumelowa hadi mifupani. Bebeni koti la mvua, na nguo za kulalia mzifunge ndani ya mfuko wa plastiki.

Mzigo usizidi sehemu ya kumi ya uzito wa mwili wako: mwenye kilo 60 abebe kilo 6, maji yakiwemo. Nguo seti mbili zinatosha, moja mwilini na nyingine imeanikwa. Chakula cha mfukoni kiwe karanga, zabibu kavu zetu za Dodoma na ubuyu; jioni kila mtu ale chakula kizito cha wenyeji, na wasiozoea matoke waanze kuyazoea.

Hati zianze kushughulikiwa sasa. Kila mtu awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria kutoka Uhamiaji, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na barua ya utambulisho ya paroko yenye majina yote 14. Chanjo hiyo hutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo anayechanjwa siku moja kabla ya safari anaweza kuzuiwa mpakani huku wenzake wakivuka. Ile barua ya paroko ndiyo itakayowafungulia milango ya parokia za njiani mnapotafuta pa kulala. Paroko wenu aandike au apige simu kwao mapema, kwa kuwa si haki kumfikia mtu saa kumi na mbili jioni mkiwa 14 na njaa.

Mazoezi yaanze wiki 12 kabla. Anzeni na kilomita 8, mkiongeza kidogo kila wiki, hadi muweze kwenda kutoka mjini mpaka Chamwino Jumamosi na kurudi kwa miguu Jumapili baada ya misa. Siku ya pili ndiyo inayopima, kwa sababu kila mtu anaweza kutembea kilomita 30 mara moja. Kaupandeni na mlima Simba mara moja kwa wiki, mkiwa na mabegi mgongoni.

Shikamoo. Mimi ni mfugaji wa Bahi, nimevaa makatambuga tangu utotoni na sijui viatu vya kufunga kamba. Watoto wangu wamenunua raba mpya na wanasema nitawaaibisha nikienda hija na ndala za matairi. Nivae nini? Na malengelenge yanatibiwaje? — Baba wa Bahi

Marahaba, mzee wangu. Vaa makatambuga yako. Mguu uliokua ndani ya kiatu fulani unakijua kiatu hicho, na wewe umeshatembea na ng'ombe masafa ambayo watoto wako hawajayafikiria. Kagua tu mikanda na misumari kabla ya kuondoka, na ubebe jozi ya pili. Ukifika penye mvua na matope ya Buganda utaona yanateleza, na mchanga ukiingia chini ya mkanda utakwaruza, basi uwe na soksi nene za kuvaa asubuhi na kitambaa cha kujifutia miguu kila mnapopumzika.

Kwa watoto wako ushauri ni mwingine. Raba mpya haiendi hija. Inunuliwe miezi miwili kabla na ivaliwe katika mazoezi yote, tena inunuliwe jioni, wakati mguu umevimba, na iwe kubwa kiasi kwamba kidole gumba chaweza kuingia nyuma ya kisigino. Mwaka wangu wa kwanza niliondoka na viatu nilivyoletewa zawadi siku mbili kabla ya safari, vizuri mno kwa macho. Siku ya tatu, kabla ya Manyoni, nilivivua soksi ikatoka na ngozi ya kisigino. Nilimaliza siku zilizobaki nikiwa nimevaa yebo yebo na bandeji, nikiwachelewesha watu 20 ambao hawakuninung'unikia hata mmoja, na jambo hilo liliniuma kuliko kisigino.

Lengelenge hutokana na mambo matatu yanayokutana: joto, unyevu na msuguano. Ukiondoa mojawapo, halitokei. Ndiyo maana tunasema pakaza vaselini kati ya vidole na kisiginoni kabla ya kuvaa soksi, badili soksi mchana, na miguu ikae nje ya viatu wakati wote wa mapumziko. Kucha zikatwe moja kwa moja bila kuchimba pembeni, wiki moja kabla. Unaposikia mahali panachoma, simama hapohapo. Wengi husema "nitapaangalia tukifika", na wakifika huwa kuna lengelenge ukubwa wa yai. Panapochoma pabandike plasta imara isiyokunjamana, kisha endelea.

Lengelenge dogo lisiguswe. Kubwa linalozuia kukanyaga litobolewe pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, maji yatolewe polepole kwa kukandamiza na pamba, na ile ngozi ya juu iachwe mahali pake, maana hiyo ndiyo bandeji bora kuliko zote. Kisha lifunikwe. Ile desturi ya kupitisha uzi ndani ya lengelenge na kuuacha humo siipendi hata kidogo, kwani uzi huo ni njia ya vijidudu. Ukiona wekundu unapanda, usaha au homa, hiyo ni kazi ya kituo cha afya.

Mama yangu ana miaka 58 na kisukari miaka tisa. Ameweka nadhiri ya kutembea pekupeku kutoka mpakani hadi Namugongo kwa sababu kaka yangu alipona ajali. Hatuna nguvu ya kumkatalia. Tufanyeje? — Binti wa Kongwa

Binti yangu, nimeisoma barua yako mara nyingi, na ninamheshimu mama yako kwa shukrani aliyo nayo. Lakini kwa mgonjwa wa kisukari kutembea pekupeku juu ya lami ni hatari ya kupoteza mguu. Kisukari cha miaka mingi hupunguza hisia za nyayo na kupunguza damu inayofika huko. Mwiba ukimchoma hatauhisi, lami ya saa saba mchana itamwunguza bila yeye kujua, na kidonda ambacho kwako kingepona kwa siku tano kwake kinaweza kuishia kwenye kukatwa. Nimeona miguu ya namna hiyo hospitalini, na hakuna hata mmoja uliokatwa kwa sababu ya kidonda kilichoanza kikubwa.

Mpeleke kwa paroko wake, si wewe umshawishi. Paroko ana mamlaka ya kumbadilishia nadhiri, na mama atalipokea kwake jambo ambalo kwa mwanawe angeliona ukaidi. Aweze kwa mfano kutembea amevaa viatu na kuingia pekupeku eneo la basilika tu, penye sakafu, kwa hatua chache.

Akikubali viatu, bado kuna sharti. Aende kliniki yake kwanza, apimwe sukari, figo, macho na miguu, na amwambie daktari waziwazi kwamba atatembea saa sita kwa siku, kwa sababu kutembea hushusha sukari na huenda dozi ikapunguzwa. Awe na mwenzi wa kutembea naye ambaye anazijua dalili za sukari kushuka, yaani kutetemeka, jasho la baridi, kuchanganyikiwa na hasira isiyo na sababu, na mwenzi huyo awe na glukosi au soda yenye sukari mfukoni mwake, si ndani ya begi. Asitembee kabla ya kula. Kama anachoma insulini, isiachwe kwenye begi linalopigwa jua. Ichukuliwe kwenye chombo kidogo cha udongo kilichofungwa kitambaa chenye unyevu, jinsi tunavyopoza maji kwenye mtungi. Na kila jioni wewe au mwenzi wake mkague nyayo zake kwa tochi, kati ya kidole na kidole. Asiseme mwenyewe kwamba ni nzima. Mkague.

Bwana asifiwe. Sisi ni Waanglikana wa Mvumi. Tukitaka kujiunga na majirani zetu Wakatoliki, tutakuwa wageni huko Namugongo? — Mwalimu wa Mvumi

Asifiwe milele, mwalimu. Hamtakuwa wageni kabisa. Mashahidi wanaohesabiwa ni 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliouawa kati ya 1885 na 1887 chini ya Kabaka Mwanga, wengi wao wakichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kanisa Anglikana lina eneo lake la kumbukumbu Namugongo, karibu na basilika, na siku hiyo ibada hufanyika pande zote mbili. Andikeni kwa askofu wenu mapema ili muwe na barua kama wenzenu.

Ninyi wa Mvumi mna sababu ya pekee ya kuijua njia hii. Wamisionari wa Kianglikana waliokwenda Buganda walikuwa na kituo chao Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na Wamisionari wa Afrika wa Kanisa Katoliki waliotoka Bagamoyo Juni 1878 walipita Mpwapwa na Ugogo, wakampoteza Padre Joachim Pascal humuhumu Ugogo Agosti mwaka huo, kabla ya Padre Siméon Lourdel kufika Buganda Februari 1879. Injili waliyoifia vijana wale ilipita kwa miguu katika nchi ya babu zenu, mizigo ikibebwa mabegani. Mtakapofika Buganda mtasikia wenyeji wakiwaita abalamazi, yaani mahujaji. Itikieni kwa "webale", yaani asante, na mtapewa maji.

Assalamu alaykum. Nimesoma ukurasa wako ingawa sisi ni Waislamu. Baba yangu ana miaka 68 na mwaka huu Mungu amemjalia Hija. Watu wanasema huko ni kutembea sana juani. Kuna la kumsaidia? — Binti wa Kondoa

Wa alaykumu salaam. Lipo, na baadhi ya niliyoyasema hapo juu yanamhusu pia. Kwenda kati ya vilima vya Safa na Marwa mara saba ni zaidi ya kilomita tatu. Mina hadi Arafa ni kama kilomita 14, na kutoka Arafa kurudi Muzdalifa ni karibu 9, na ingawa mabasi yapo, msongamano huwafanya wengi watembee. Mwaka 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 50, na serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, wengi wao wakiwa watu wasio na vibali ambao walitembea masafa marefu chini ya jua bila hema wala mahali pa kupumzikia. Kwa hiyo la kwanza kabisa ni baba asafiri kwa kibali na kikundi chenye hema.

Kondoa ni baridi mwezi Mei. Mwili wa mtu wa baridi unahitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto, basi atembee nusu saa, baadaye saa nzima, alasiri jua likiwa bado kali, kila siku, wiki mbili za mwisho kabla ya safari. Akiwa katika ihramu hataruhusiwa kiatu cha kufunika vifundo, kwa hiyo anunue sasa zile ndara atakazozivaa na azizoeze mguuni hapo Kondoa. Kichwa hatakifunika kwa kitambaa, lakini mwavuli unaruhusiwa, na uwe mweupe. Apakae vaselini mapajani, kwa maana shuka za ihramu huwachubua sana wanaume. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni lazima. Kama anatumia dawa za presha, hasa zile za kukojosha, daktari aambiwe kuhusu joto hilo. Mtu akianza kuzungumza mambo yasiyoeleweka, ngozi ikawa ya moto, hayo ni mapigo ya joto: awekwe kivulini, amwagiwe maji na kupepewa mara moja, huku msaada ukiitwa.

Mwaka jana nilianzia Manyoni kwenda Namugongo nikiwa na nadhiri. Nilipofika Igunga mguu mmoja ulivimba shavu lote na kuuma, nikarudishwa kwa basi. Nina aibu kijijini. Nianze upya kutoka Manyoni au niendelee nilipoishia? — Kijana wa Manyoni

Kijana wangu, aliyekurudisha alikuokoa. Kuvimba kwa mguu mmoja tu, pamoja na maumivu ya shavu la mguu, ni dalili ambayo inaweza kuwa donge la damu kwenye mshipa, na donge hilo likisafiri hadi mapafuni linaua. Kama hukupimwa hospitali mwaka jana, nenda ukapimwe kabla ya kufikiria hija nyingine, na usisahau kumweleza daktari kama ulikuwa umekaa kwenye basi muda mrefu au la. Maumivu ya mbele ya mguu, kwenye mfupa wa ugoko, ni jambo jingine, hutokana na kuongeza mwendo haraka na hupona kwa kupumzika wiki mbili au tatu.

Kuhusu aibu, nitakukumbusha habari ya Gonzaga Gonza. Alikuwa miongoni mwa waliopelekwa Namugongo wakiwa wamefungwa minyororo, miguu yake ikajeruhiwa kiasi cha kushindwa kuendelea, na akauawa kwa mkuki njiani tarehe 27 Mei 1886. Hakufika Namugongo. Anahesabiwa pamoja na wale mashahidi 22 Wakatoliki.

Kwa hiyo usianze upya. Ukishapimwa na kuruhusiwa, anza mazoezi Januari, jiunge na kikundi, panda basi hadi Mutukula, na umalize kuanzia hapo. Ukipita Kayabwe, mahali ambapo barabara inavuka ikweta, takriban kilomita 70 kabla ya Kampala, keti chini, vua viatu, na uyatazame mashavu ya miguu yako yote mawili kwa pamoja. Yakiwa sawa, endelea.